Bei Imepanda, Mtikisiko Umeingilia Wapi? Kutafuta chanzo cha mfumuko wa bei katika uchumi mdogo

Uchumi mdogo haupangi bei ya pipa la mafuta, wala ya tani ya ngano, wala ya kusafirisha kontena kutoka bandari moja hadi nyingine. Bei hizo hupangwa kwingine, nao huzipokea zilivyo. Pipa la mafuta lilipopanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12 kati ya Oktoba 1973 na mwanzo wa 1974, nchi ndogo zilizokuwa zikiagiza mafuta hazikuwa na la kusema. Ndivyo ilivyokuwa tena Machi 2022, fahirisi ya bei za chakula duniani (namba moja inayopima bei nyingi kwa pamoja) inayotolewa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipofika kiwango cha juu kuliko vyote ilivyowahi kurekodi.

Kuipokea bei ni jambo moja. Namna inavyosambaa ndani ni jambo jingine. Nchi mbili zinaweza kupigwa na mtikisiko uleule, mwezi uleule, moja ikaona mfumuko umepanda kwa mwaka mmoja na kutulia, nyingine ikahangaika nao miaka mitatu. Kilichozitenganisha ni njia ambazo mtikisiko ulipita baada ya kuingia. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa kuishia kwenye swali "mfumuko ni asilimia ngapi?" Asilimia 8 iliyoletwa na kodi mpya, asilimia 8 iliyoletwa na sarafu kuporomoka, na asilimia 8 iliyoletwa na bei na mishahara kufukuzana ni magonjwa matatu yenye homa moja. Dawa ya mmoja yaweza kumuua mwingine, na wa kwanza kuumia ni wenye kipato kidogo, ambao sehemu kubwa ya fedha zao huishia kwenye chakula, nishati na nauli.

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye taarifa ya bei ya mwezi mkononi, awe mwandishi wa habari, mwanafunzi, mfanyabiashara au mtumishi wa idara ya mipango. Nenda moja kwa moja kwenye dalili unayoiona, lakini pita hapa kwanza.

## Kagua kipimo kabla ya kumkagua mgonjwa

Taarifa hubeba namba tatu: fahirisi yenyewe, badiliko la mwezi, na badiliko la mwaka. Linalotangazwa ni la mwaka. Lina faida ya kuondoa misimu, ila ni zito kusema, kwa sababu limebeba historia ya miezi 12. Ukitaka kujua moto uliwaka lini, soma mabadiliko ya mwezi mmoja mmoja ukirudi nyuma hadi uone pale mstari ulipovunjika.

Kisha fanya hesabu ya michango. Chukua kila kikundi katika kapu la bidhaa na huduma, zidisha badiliko lake la bei kwa mizania yake, yaani sehemu yake katika matumizi yote ya kapu. Kikundi chenye mizania ya asilimia 10 kilichopanda kwa asilimia 30 kimechangia pointi 3 za asilimia. Kama mfumuko wote ni asilimia 5, umebakiwa na pointi 2 tu za kutafuta. (Mizania husogea kidogo kadiri bei zinavyobadilika, kwa hiyo jumla haitalingana hadi desimali ya mwisho. Kwa ukaguzi wa kwanza inatosha kabisa.) Jedwali la mizania huwa mwisho wa taarifa, pale ambapo wasomaji wengi hawafiki. Mimi huanzia hapo.

Angalia pia kama kapu limebadilishwa karibuni, au kama kuna bei zilizokadiriwa badala ya kukusanywa sokoni. Mwaka 2020 ofisi nyingi za takwimu zililazimika kukadiria kwa sababu wakusanyaji hawakuweza kwenda madukani na baadhi ya huduma hazikuuzwa kabisa. Mstari usiotikisika kwa miezi mitano unaweza kuwa umejazwa tu, bila mtu kwenda sokoni.

## Dalili ya 1: Namba imeruka mwezi mmoja, kisha mabadiliko ya mwezi yakarudi kama kawaida

Hapa chanzo mara nyingi kina tarehe: kodi imeongezwa, ruzuku imeondolewa, au bei inayopangwa na mamlaka, kama umeme au maji, imerekebishwa. Tafuta tarehe hiyo kwanza. Ikilingana na mwezi wa kuruka, umemaliza nusu ya kazi.

New Zealand, nchi iliyoanza utaratibu wa kuipa benki kuu lengo rasmi la mfumuko wa bei mwaka 1990, ilipandisha kodi ya bidhaa na huduma kutoka asilimia 12.5 hadi 15 tarehe 1 Oktoba 2010. Mfumuko wa mwaka ulioishia Juni 2011 ukasomeka asilimia 5.3, wakati lengo lilikuwa kati ya 1 na 3. Aliyetazama namba hiyo peke yake angedai riba ipandishwe mara moja. Benki kuu haikuipandisha. Machi 2011, baada ya tetemeko la Christchurch, ilikuwa imeishusha hadi asilimia 2.5, na ikaiacha hapo. Kufikia Desemba 2011, kodi ilipokuwa imeshatoka kwenye dirisha la miezi 12, mfumuko ulikuwa asilimia 1.8.

Kwa dalili hii, tabibu mwenye haraka hudhuru. Kinachohitaji macho ni kama watu wanaanza kuandika mikataba ya mwaka ujao wakichukulia kwamba kuruka kule kutajirudia. Kama wanafanya hivyo, nenda Dalili ya 4.

## Dalili ya 2: Bei ya dunia imetulia, lakini vitu vinavyotoka nje vinazidi kuwa ghali

Kuna watuhumiwa watatu, na kila mmoja huacha alama yake. Sarafu ikishuka thamani, karibu kila kinachoagizwa hupanda, kikubwa kwa kidogo, kwa kiwango kinachokaribiana. Gharama ya meli ikipanda, mizigo mikubwa ya thamani ndogo ndiyo hupanda zaidi, kwa kuwa kontena hulipiwa kwa ukubwa wake na siyo kwa thamani ya kilichomo. Kontena la saa za mkononi halitahisi kitu, la vigae litalia. Bei ya malighafi fulani ikipanda, huathirika ukoo wa malighafi hiyo tu. Kwa hiyo kabla ya kusoma habari za dunia, panga bidhaa za nje kwa ukubwa wa ongezeko, utazame ni zipi zimekaa juu ya orodha. Meli ya Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, nauli za makontena zilikuwa zimeshapanda sana kwa sababu ya janga la korona, na alama iliyoonekana ilikuwa hiyo ya pili.

Ukiona ni sarafu, tazama kwanza kiwango cha dola ya Marekani, hata kama bidhaa haitoki Marekani. Sehemu kubwa ya biashara ya dunia huandikiwa ankara kwa dola, ikiwamo ya nchi mbili ambazo hakuna hata moja inayotumia dola nyumbani. Sarafu yako inaweza kuwa imara mbele ya sarafu ya jirani unayenunua kwake na bei bado ikapanda, kwa kuwa nyote wawili mmeshuka mbele ya dola.

Mitikisiko miwili ikija pamoja huzidishana. Bidhaa ya dola 80 ikifika dola 100, ongezeko ni asilimia 25. Dola iliyonunuliwa kwa vipande 100 vya sarafu ya ndani ikifika 120, ongezeko ni asilimia 20. Mwagizaji aliyekuwa akilipa 8,000 sasa analipa 12,000, yaani asilimia 50, si 45. Na kuja pamoja si bahati mbaya: nchi inayoagiza mafuta huhitaji dola nyingi zaidi mafuta yanapopanda, na mbio hizo za kutafuta dola zenyewe huisukuma sarafu chini.

Hata hivyo, asilimia 50 bandarini haiwi asilimia 50 dukani. Ndani ya bei ya rejareja mna kodi, usafiri wa ndani, pango, mishahara ya wauzaji na faida. Kama thamani ya bidhaa iliposhushwa melini ni nusu ya bei ya dukani, ongezeko hilo ni asilimia 25 kwa mnunuzi, hata mfanyabiashara akilipitisha lote. Ukikuta dukani bei imepanda kwa asilimia 50, kuna mwingine aliyeongeza chake njiani.

Kiwango rasmi cha dola kikiwa kimesimama tuli na bei zikapanda, usikimbilie kumlaumu muuza duka. Uliza waagizaji wanapata dola wapi, kwa bei gani, na baada ya kusubiri kwa muda gani. Benki zisipokuwa na dola za kuuza, mwagizaji huzinunua pembeni, na bei ya pembeni ndiyo anayoitumia kupanga bei ya mzigo ujao. Katika hali hiyo kiwango rasmi huwa hakisemi chochote kuhusu bei.

Ukubwa wa kuporomoka peke yake hauamui homa itadumu muda gani. Mwaka 2008 benki kubwa za Iceland zilianguka na krona ikapoteza karibu nusu ya thamani yake mbele ya euro. Januari 2009 mfumuko ulifika asilimia 18.6. Desemba 2010 ulikuwa asilimia 2.5. Sarafu iliacha kuporomoka baada ya serikali kudhibiti utokaji wa mitaji kuanzia Novemba 2008, na wateja walikuwa wameishiwa nguvu ya kununua, hivyo mtikisiko haukupata kuni za duru ya pili, ile ya bei na mishahara kufukuzana. Watu waliilipia nafuu hiyo: ajira zilipotea, na mikopo ya nyumba iliyofungwa kwenye fahirisi ya bei ilivimba mikononi mwa wakopaji.

## Dalili ya 3: Bei ya dunia imeshuka, ya ndani imegoma

Hapa ndipo hasira za watu huwa kali zaidi, na wana haki ya kuuliza. Kupanda mchongoma huwa rahisi, kushuka ndiyo ngoma. Lakini ongezeko lililogoma kushuka lina sababu halali na zisizo halali, na ukizichanganya utamwachia mkosaji na kumfunga asiye na hatia. Zitenganishe kwa hesabu.

Juni 2014 pipa la Brent, mafuta ghafi yanayotumika kama kipimo cha bei ya dunia, liliuzwa kwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Katika miezi hiyohiyo dola yenyewe ilipanda dhidi ya sarafu nyingi. Tuchukulie bei ya dola imeshuka kwa nusu, huku dola moja ikigharimu asilimia 30 zaidi. Kwa sarafu ya ndani, bei mpya ni 0.5 mara 1.3, yaani 0.65 ya ile ya zamani. Nusu imeshakuwa asilimia 35. Sasa, kama mafuta yenyewe ni nusu ya bei ya kituoni, na nusu nyingine ni kodi ya kiasi maalumu kwa lita, usafirishaji na faida ambavyo havijabadilika, punguzo linalostahili ni asilimia 17.5. Anayesema "dunia imeshuka nusu, sisi hatujashushiwa hata robo" ameeleza ukweli wa namba bila kugusa wizi wowote.

Ukishafika kwenye hiyo asilimia 17.5, anza kuidai. Kama haijafika, uliza kwanza kuhusu shehena: mzigo uliopo ghalani ulinunuliwa lini? Mwagizaji mwenye akiba ya miezi miwili atasema, kwa haki, kwamba anauza mzigo wa bei ya zamani. Kisha mpime kwa maneno yake mwenyewe. Bei ya dunia ilipopanda, alisubiri miezi miwili ile ile akiuza akiba ya bei nafuu, au alipandisha wiki ileile? Mchumi Robert Bacon alionyesha mwaka 1991, katika soko la petroli la Uingereza, kwamba bei hupanda haraka kuliko zinavyoshuka, na tafiti nyingi katika masoko mengine zimekuta tabia hiyohiyo. Hesabu wiki kati ya badiliko la bandarini na badiliko la dukani, mara ya kupanda na mara ya kushuka. Wiki 2 kwenda na wiki 9 kurudi si suala la ghala tena. Ni ushindani uliolegea, na uchumi mdogo huwa na waagizaji wachache wakubwa wa kila bidhaa muhimu, kwa hiyo uwezekano huo usiupuuze.

Serikali nayo inaweza kuwa ndiyo imeshika breki. Kama wakati wa kupanda ilibeba sehemu ya gharama kwa ruzuku au kwa mfuko wa kutuliza bei, wakati wa kushuka itataka kulijaza shimo. Hilo ni jambo la haki ikiwa lilitangazwa. Likifanywa kimya, mlipaji hawezi kujua analipa deni la nani wala litaisha lini. Mamlaka inayotoa kila mwezi mchanganuo wa bei, kuanzia bandarini hadi kwa mlaji, mstari kwa mstari, huwaondolea watu uvumi mwingi kuliko hotuba kumi.

## Dalili ya 4: Vitu visivyohusiana na mtikisiko vimeanza kupanda

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa, na ndiyo inayotambuliwa vibaya mara nyingi. Mafuta yalipanda miezi minane iliyopita. Sasa zinapanda ada, kodi za nyumba, kunyoa nywele, ufundi wa magari. Wengine watasema ni gharama za mafuta bado zinasafiri. Wengine watasema mfumuko umeota mizizi. Pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi katika kapu moja, kwa vitu tofauti, na kazi yako ni kuvichambua.

Kila njia ina saa yake. Bei ya petroli kituoni hubadilika ndani ya siku au wiki. Nauli hufuata mamlaka inapokubali kuzirekebisha. Bidhaa za dukani zinazosafirishwa kwa malori huchukua mwezi mmoja au zaidi, kadiri akiba inavyozunguka. Mbolea iliyopanda leo haionekani kwenye bei ya chakula hadi msimu ujao wa mavuno, kwa kuwa mkulima atapanda eneo dogo au atatumia mbolea kidogo, na upungufu utaonekana wakati wa kuvuna. Urusi na Ukraine zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano inayouzwa nje duniani, na Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea. Vita ilipoanza Februari 2022, nchi nyingi ndogo zilipata kwanza pigo la ngano na mafuta, kisha pigo la mbolea msimu mmoja baadaye. Kodi ya nyumba husubiri mkataba uishe. Ada husubiri mwaka mpya wa masomo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila kitu kilichopanda ni: je, saa yake imefika? Kama ndiyo, hiyo ni duru ya kwanza iliyochelewa, na itapita.

Swali la pili ni la kiasi. Kama mafuta ni asilimia 20 ya gharama za huduma fulani na yamepanda kwa asilimia 30, ongezeko linaloelezeka ni asilimia 6. Huduma hiyo ikiwa imepanda kwa asilimia 15, pointi 9 zimetoka kwingine: mishahara, faida, au hofu ya kesho. Kinyozi hatumii dizeli. Akipandisha bei, analipia nauli yake, chakula chake na pango lake, na hapo mtikisiko umeshavuka kutoka kwenye gharama za uzalishaji na kuingia kwenye gharama za kuishi.

Swali la tatu: amepandisha mara moja au anarudia? Bei iliyopanda mara moja na kutulia inafidia hasara. Bei inayopanda kila baada ya miezi mitatu, bila gharama mpya, inafuata matarajio. Muuzaji anapandisha kwa sababu anaamini wengine watapandisha, nao wanamtazama yeye.

Ili kuona jambo hili kwa kapu zima, hesabu ni sehemu gani ya bidhaa na huduma iliyopanda kwa kasi inayozidi lengo la benki kuu. Mfumuko wa asilimia 7 uliobebwa na theluthi moja ya kapu ni tofauti kabisa na asilimia 7 iliyobebwa na robo tatu ya kapu. Hesabu hii haihitaji kompyuta kubwa, na kwa maoni yangu inafaa kuliko mfumuko wa bei wa msingi, ule usiojumuisha chakula na nishati. Katika nchi nyingi za kipato cha chini chakula peke yake ni theluthi ya kapu au zaidi. Ukikiondoa pamoja na nishati, unapima kipande cha maisha na kuacha maisha yenyewe. Njia nzuri zaidi ni kupanga vitu vyote kwa ukubwa wa badiliko, kukata ncha mbili, na kukokotoa wastani wa waliobaki katikati.

Kuhusu mishahara nataka kusema wazi. Mfanyakazi anayedai nyongeza baada ya mwaka wa bei kupanda hajaanzisha chochote, anadai alichokwishapoteza. Swali la kitaalamu ni namna nyongeza inavyofungwa. Ubelgiji ina utaratibu wa mishahara kufuata fahirisi ya bei yenyewe. Mfumuko ulifika asilimia 12.27 Oktoba 2022, na Januari 2023 wafanyakazi wengi wa ofisini katika sekta binafsi wakapata nyongeza ya asilimia 11.08 kwa mkupuo, wakati bei ya gesi ilikuwa imeshaanza kurudi chini. Utaratibu huo uliwalinda watu kwa kweli. Pia ulipeleka mtikisiko wa mwaka uliotangulia kwenye gharama za kampuni za mwaka uliofuata. Palipo na mikataba ya namna hiyo, iwe ya mishahara, kodi za nyumba au mikopo, andika tarehe zake za kurekebishwa kwenye kalenda. Hizo ni tarehe ambazo mtikisiko wa zamani utabisha hodi tena.

## Dalili ya 5: Mfumuko umeshuka, watu wanasema maisha bado ghali

Watu wako sahihi, na namba iko sahihi. Fahirisi ikiwa 100 mwaka mzima, kisha ikaruka hadi 106 Januari na kukaa hapo, mfumuko wa mwaka utasomeka asilimia 6 kwa miezi 12 mfululizo, na Januari inayofuata utasomeka sifuri. Hakuna bei hata moja iliyoshuka. Msingi wa kulinganishia ndio uliopanda.

Sri Lanka inaonyesha jambo hili kwa ukali. Fahirisi ya bei ya jiji la Colombo ilionyesha mfumuko wa karibu asilimia 70 Septemba 2022. Septemba 2023 ilionyesha asilimia 1.3. Ukizidisha, bei zilikuwa juu kwa takriban asilimia 72 kuliko miaka miwili nyuma. Familia ambayo kipato chake hakikusogea ilikuwa imepoteza zaidi ya sehemu mbili kwa tano za uwezo wake wa kununua, yaani kwa kila vitu 100 ilivyoweza kununua, sasa ilipata kama 58. Kutangaza "mfumuko umedhibitiwa" bila kuweka namba hiyo ya pili pembeni ni kuwanyima watu nusu ya habari. Kwa dalili hii, weka fahirisi ya bei na mshahara wa wastani kwenye mchoro mmoja, ukianzia kabla ya mtikisiko.

## Dalili ya 6: Riba imepandishwa, mfumuko hausikii

Rudi kwenye hesabu ya michango. Kama pointi nyingi zinatoka kwenye mafuta na chakula cha nje, riba ya ndani haiwezi kuzigusa moja kwa moja. Inachoweza ni kuzuia duru ya pili na kuituliza sarafu, na hata hilo mara nyingi huchukua mwaka au zaidi kuonekana. Angalia pia kama mikopo ya benki inawafikia watu wa kutosha kwa riba kuwa na meno, kama sehemu kubwa ya amana na mikopo iko kwa dola, na kama serikali inakopa benki kuu kuziba nakisi ya bajeti. Hilo la mwisho hutengua kazi ya riba.

Singapore tangu 1981 imetumia thamani ya sarafu kama chombo chake kikuu badala ya riba, kwa sababu biashara yake ya nje ni kubwa kuliko pato lake zima la taifa, na bei huingilia mlango huo. Nchi yenye akiba nyembamba ya fedha za kigeni haiwezi kuiga kwa kutamani tu.

## Dalili ya 7: Namba imetulia kuliko hali halisi

Huenda kapu la taarifa si kapu lako. Mizania ni wastani, na familia inayotumia nusu ya kipato kwa chakula ina mfumuko wake, ambao unaweza kuukokotoa kwa kubadilisha mizania na kuacha mabadiliko ya bei yalivyo. Huenda pia pakiti zimepunguzwa uzito kwa bei ileile. Ofisi makini ya takwimu hurekebisha hilo.

Lakini kama bei ya bidhaa fulani haijasogea hata kidogo wakati mbadala wake wote wamepanda, tafuta agizo la bei elekezi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Foleni, mgao, bidhaa kuuzwa kwa kujuana na mlango wa nyuma ni bei zilizokataliwa kuandikwa. Mkusanyaji wa takwimu huandika bei ya kwenye kibao. Mnunuzi hulipa hiyo pamoja na saa tatu za kusubiri.

Siku kizuizi kikiondolewa, ongezeko lote lililorundikana litatokea kwenye taarifa ya mwezi mmoja, na litafanana kabisa na Dalili ya 1. Kabla hujaandika kwamba mfumuko ulianza mwezi huo, rudi kwenye miezi yote ambayo mstari ule haukutikisika, utafute tarehe ambayo bidhaa yenyewe ilianza kuadimika, na uianzie hesabu yako hapo.